Doa la shati: maabara inajuaje kuwa damu ni ya mtu na si ya mbuzi?

Mwalimu wa Tukuyu (mwanzisha mada)

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari wilayani Rungwe, na ninaleta swali ambalo nilidhani ninalijua mpaka nilipotakiwa kulieleza mbele ya darasa.

Wiki mbili zilizopita, katika kijiji kilicho jirani na shule yetu, mtu alishambuliwa usiku akiwa njiani kurudi kutoka mnadani, akaumizwa vibaya kichwani. Kulipokucha, mgambo walimkuta kijana mmoja akiwa amevaa shati la rangi ya maziwa lenye madoa ya kahawia iliyokolea kifuani na kwenye mkono wa kulia. Kijana alijieleza papo hapo kwamba jioni ile alisaidia kuchinja mbuzi msibani, jambo ambalo watu kadhaa walilithibitisha, na kwamba madoa mengine ni utomvu wa mgomba, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kukata ndizi na kuzipakia kwenye malori. Waliokuwepo hawakutaka kusikia, na kama mwenyekiti wa kitongoji asingewahi kufika, pengine leo tungekuwa na majeruhi wawili. Polisi walimchukua kijana. Shati lake lakini, kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuieleza vizuri, lilibaki nyumbani kwa mwenyekiti likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, wa aina ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019 na ambayo bado haikosekani katika majiko yetu.

Wanafunzi wangu wanalizungumza jambo hili kila siku, maana baadhi yao ni ndugu wa huyo kijana. Nilipojaribu kuwatuliza kwa kuwaambia kwamba maabara itaonyesha ukweli, walitaka kujua itauonyeshaje. Nikawaeleza makundi ya damu, A, B, AB na O, kama yalivyo kwenye mtaala. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, mbuzi yeye ana kundi gani?" Nikanyamaza, kisha nikasema tutaendelea kipindi kijacho.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Maabara inatofautishaje utomvu na damu, na damu ya mtu na ya mbuzi? Je, kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kujikinga na vitu vigeni, zina nafasi gani katika kazi hiyo? Ninajua kwamba kingamwili hupimwa ili kujua maambukizi, lakini sioni zinahusikaje na doa la shati.

---

Mstaafu wa Maabara, Uyole

Mwalimu, huyo binti mpe zawadi ya daftari, kwa sababu amegusa mahali pale pale ambapo wapelelezi wa Ulaya walikwama mpaka mwaka 1901. Nimefanya kazi katika maabara ya hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona watu wengi, wakiwamo wenye elimu yao, wakidhani kwamba damu ikiwekwa chini ya hadubini hujitaja jina. Haijitaji. Huulizwa maswali mafupi, moja baada ya jingine, na kila kipimo hujibu swali lake tu na kunyamaza kwa mengine yote. Ingekuwa damu ya kuku, hadubini ingesaidia, kwa sababu chembe nyekundu za ndege zina kiini. Za mbuzi na za mtu hazina kiini, zinatofautiana ukubwa tu, na doa likishakauka kwenye kitambaa chembe zimekwisha kupasuka, hata huo ukubwa hauna wa kuupima.

Swali la mwanzo ni kama doa ni damu au si damu. Mtaalamu huchukua pamba iliyoviringishwa kwenye njiti, huilowesha kidogo, huipitisha juu ya doa, kisha hudondosha kemikali ya fenolfthalini iliyoondolewa rangi na kusubiri kidogo kabla ya kudondosha peroksaidi ya haidrojeni. Pamba ikigeuka waridi ndani ya sekunde chache baada ya peroksaidi, inawezekana kuna damu, kwa kuwa hemu iliyomo ndani ya hemoglobini, protini nyekundu ya damu, huharakisha mmenyuko huo. Ikigeuka kabla peroksaidi haijatiwa, kuna kitu kingine kilichoingilia, na kipimo hicho hakina maana. Angalia nimesema inawezekana. Mimea nayo ina vimeng'enya vinavyofanya kazi ile ile, na kiazi kibichi cha Uporoto kilichokatwa sasa hivi kinaweza kuigeuza pamba kuwa waridi bila ya kuwapo tone hata moja la damu. Vimeng'enya vya mimea hudhoofika vikikauka na hufa vikichemshwa, ilhali hemu ni ngumu zaidi, na hiyo ni mojawapo ya njia za kuvitenganisha. Kwa hiyo utetezi wa utomvu si wa kuchekwa. Yeyote aliyewahi kukata mkungu akiwa na shati jeupe anajua kwamba utomvu hutoka kama maji, jioni unakuwa wa kahawia, na baada ya kufuliwa mara mbili unakuwa mweusi usiotoka tena. Kwa macho matupu, mimi mwenyewe nisingethubutu kuutofautisha na damu ya wiki iliyopita.

Swali la pili ndilo la binti yako, na hapa ndipo kingamwili zinapoingia. Mwaka 1901 tabibu wa Kijerumani, Paul Uhlenhuth, aliyekuwa akifanya kazi mjini Greifswald, alitangaza njia yake. Sungura hudungwa protini za damu ya mtu. Mwili wa sungura huziona ni ngeni na kutengeneza kingamwili za kuzikabili, kama mwili wa mtoto unavyofanya baada ya chanjo. Baada ya majuma machache sungura hutolewa damu, na ule umajimaji unaobaki juu damu inapoganda ndio unaokuwa chombo cha kazi. Doa hulowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, maji hayo hutiwa kwenye mrija mwembamba juu ya umajimaji wa sungura, kisha husubiriwa. Kama doa ni la mtu, pale vimiminika viwili vinapokutana hutokea utando mweupe kama ukungu wa asubuhi kwenye bonde la Kiwira. Kama ni la mbuzi, hakuna kinachotokea. Utando ungetokea tu kama sungura angekuwa ameandaliwa kwa damu ya mbuzi.

Kwa hiyo, Mwalimu, tofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Katika kipimo cha haraka cha virusi vya UKIMWI, kinachotafutwa ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Katika doa la shati, kingamwili si kinachotafutwa bali ni mbwa wa kuwindia. Zimeazimwa kutoka kwa sungura ili zinuse protini ya mtu. Kipimo cha haraka cha malaria tunachokitumia zahanati ni cha ukoo huo huo, kwa kuwa kingamwili zimepangwa kwenye kikanda zikisubiri protini ya kimelea. Siku hizi maabara nyingi za jinai hutumia kikanda kama hicho kilichoandaliwa kwa hemoglobini ya binadamu. Tone la maji ya doa hupanda kwenye kikanda, na mstari wa pili ukijitokeza, jibu ni kwamba kuna hemoglobini ya binadamu.

Vikanda hivyo vina tabia moja inayowashangaza wageni wa kazi: doa zito mno linaweza kutoa jibu la uongo kwamba hakuna kitu. Protini zikizidi, kila kingamwili inashikwa kivyake na hakuna inayobaki kuunda mstari. Mtaalamu mwenye uzoefu akiona doa limekolea na mstari haupo, huliongezea maji na kupima upya. Asiye na uzoefu huandika "hapana" na kwenda kunywa chai.

Jambo jingine linahusu ninyi wa Rungwe hasa. Umajimaji wa sungura ulioandaliwa kwa damu ya mtu haumkoseshi usingizi mbuzi wala kondoo, lakini nyani na tumbili ni ndugu zetu kwa protini, na kwa wanyama hao utando dhaifu unaweza kujitokeza. Anayejitetea kwamba aliua mbuzi ana utetezi unaopimika kirahisi. Anayesema aliua nyani aliyeingia kwenye mahindi anahitaji mtaalamu makini, mwenye sampuli za kulinganishia pembeni. Nawaza pia kuhusu kipunji, tumbili wenu wa Mlima Rungwe, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimjua kwa jina tangu zamani.

---

Mwenye Bucha, Mbalizi

Mzee wetu wa Uyole, shikamoo. Nimesoma kwa makini kwa sababu mimi hurudi nyumbani kila siku na aproni yenye madoa, na kama ningekutwa usiku njiani sijui ningejieleza vipi. Swali langu ni fupi. Je, kama shati lina damu ya mbuzi kweli, kama mashahidi wanavyosema, hiyo si inatosha kumwachia kijana? Na je, wakikuta damu ya mtu, si inatosha kumfunga?

---

Mstaafu wa Maabara, Uyole

Marahaba, ndugu yangu. Majibu ni hapana mara mbili, na kisa cha kwanza kabisa cha kipimo hiki kinaeleza kwa nini.

Mwaka huo huo wa 1901, katika kisiwa cha Rügen kule Ujerumani, wavulana wawili ndugu waliuawa kikatili. Alikamatwa seremala aitwaye Ludwig Tessnow, ambaye nguo zake zilikuwa na madoa. Alisema ni rangi ya mbao, na vijana wa Mafinga wanaoshinda kwenye viwanda vya mbao watakubali kwamba maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli. Miaka mitatu nyuma, watoto wa kike wawili walipouawa mahali pengine, aliwahi kutoa maelezo hayo hayo, na kwa kuwa hapakuwa na kipimo, aliachiwa. Safari hii nguo zilipelekwa kwa Uhlenhuth, ambaye alizigawa kwa doa moja moja. Sehemu nyingine zilikuwa na damu ya kondoo, na kulikuwa na kondoo waliokuwa wamekatwakatwa malishoni katika kisiwa hicho majuma machache kabla. Sehemu nyingine zilikuwa na damu ya mtu. Nguo zile zile, damu aina mbili.

Ndiyo maana doa la kifuani haliwezi kulisemea la mkononi. Shati la kijana wenu likifika mahali pazuri, litachorwa ramani, kila doa litapewa namba, na kila namba itapimwa kivyake. Mbuzi akipatikana kwenye doa namba 1, hajajibu chochote kuhusu doa namba 4. Na doa namba 4 likiwa la mtu, bado hatujui ni mtu gani. Kijana anashika panga la kukatia ndizi kutwa nzima; ni nani kati ya wakata ndizi asiye na makovu ya vidole? Damu ya binadamu kwenye mkono wa kulia wa shati lake inaweza kuwa ya kwake mwenyewe.

---

Wakili, Iringa

Kamwene, Mwalimu. Wataalamu wamesema vizuri kuhusu damu, lakini mimi nina wasiwasi na ule mfuko wa plastiki, na ningependa kuuzungumzia kabla ya mambo mengine kwa sababu unaweza kuyafanya yote yaliyoandikwa hapo juu yakose kazi.

Mahakama za Tanzania hutaka kujua kielelezo kilitoka wapi, kilichukuliwa na nani, kikakabidhiwa kwa nani, kikakaa wapi, na kila mkono uliokigusa uweze kutajwa. Tunauita mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, na Mahakama ya Rufani imekuwa ikiusisitiza kwa miaka mingi. Shati lililokaa wiki mbili nyumbani kwa mwenyekiti, bila hati ya ukamataji, bila lakiri, bila saini, ni zawadi kwa wakili wa utetezi. Nasema hivyo bila furaha, kwa maana shati hilo hilo linaweza kuwa ndilo lenye uwezo wa kumwondolea kijana lawama, na likishapoteza uaminifu linapoteza kwa pande zote mbili.

Ushauri wangu ni kwamba mwenyekiti asilifungue, asilianike, wala asilihamishie kwenye mfuko mzuri zaidi kwa nia njema. Apige simu kituoni leo, askari aje alichukue kwa maandishi mbele ya mashahidi, na mwenyekiti aeleze kwa ukweli lilikaa wapi na nani mwingine alilishika. Maelezo ya ukweli kuhusu utunzaji mbovu yanavumilika kuliko maelezo mazuri ya uongo.

Kuhusu nafasi ya mtaalamu, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu, lakini maoni hayo hayamfungi hakimu wala jaji. Huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na anaweza kuyakataa iwapo ana sababu. Taarifa ya maabara nayo ina utaratibu wake: ikishapokelewa kuwa kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa aelewe kilichomo. Nimeshuhudia taarifa nzuri za kitaalamu zikiondolewa kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu tu hakuna aliyezisoma. Na darasa lako lifahamu kwamba kijana hana mzigo wa kuthibitisha kuwa alichinja mbuzi. Mzigo wa kuthibitisha mashtaka ni wa Jamhuri, tangu mwanzo hadi mwisho.

---

Mstaafu wa Maabara, Uyole

Wakili amenitangulia, na kwa upande wa sheria namwachia. Kwa upande wa maabara ningependa kueleza plastiki inafanya nini, maana watu hudhani inahifadhi.

Damu mbichi au kitambaa chenye unyevu kikifungwa kwenye plastiki, unyevu haupati pa kutokea. Kwa baridi na mvua za Tukuyu, siku tatu zinatosha. Ukifungua mfuko, kwanza utapata harufu ya uvundo, kisha utaona vidoa vya kijivu vyenye manyoya kwenye pindo la kola. Huo ni ukungu, na pamoja nao kuna bakteria ambao wamekuwa wakila protini zile zile tunazotaka kuzipima. Kielelezo chenye damu hutakiwa kukaushwa kivulini kwenye hewa safi, mbali na jua na mbali na moto, juu ya karatasi safi, kisha kufungwa kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kila nguo kwenye mfuko wake. Bahasha ya kaki ya bei ndogo inashinda mfuko wa plastiki wa bei yoyote. Lakini kazi hiyo ni ya askari na mkemia, si ya mwenyekiti, kama Wakili alivyosema.

---

Mwalimu wa Tukuyu

Ndaga fijo wote. Nimempigia mwenyekiti nikamsomea maneno ya Wakili neno kwa neno, na amekubali kupiga simu kituoni.

Nina swali moja la darasani. Mzee wa Uyole hajarudi kwenye makundi ya damu, na binti yangu bado anadai jibu lake la mbuzi. Na wanafunzi wanataka kujua kama kundi la damu la majeruhi likifanana na la kwenye shati, kesi imekwisha.

---

Mstaafu wa Maabara, Uyole

Mbuzi ana makundi yake, Mwalimu, tena ya mifumo kadhaa, lakini hayaendi kwa ABO yetu. Nguruwe ndiye mwenye kushangaza zaidi, kwa sababu chembe zake zinaweza kubeba antijeni A (antijeni ni ile alama juu ya chembe ambayo kingamwili huitambua) inayofanana na yetu. Fikiria mtu aliyetoka kuandaa kitimoto. Mpimaji asiyeanza na swali la mtu au mnyama angeweza kuandika kwamba shati lina damu ya kundi A, na ulimwengu mzima ungeanza kutafuta mtu wa kundi A. Ndiyo maana sungura wa Uhlenhuth hutangulia na makundi hufuata.

Makundi yenyewe yaligunduliwa na Karl Landsteiner mjini Vienna, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1901, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mtu wa kundi A ana antijeni A kwenye chembe nyekundu na kingamwili dhidi ya B kwenye umajimaji wa damu. Wa kundi O hana antijeni A wala B lakini ana kingamwili zote mbili. Hilo unalifundisha kila mwaka. Kilichosumbua ni kwamba kwenye doa kavu chembe zimepasuka, kwa hiyo huwezi kuziona zikigandana. Leone Lattes wa Italia, mwaka 1915, aligeuza swali: badala ya kutafuta antijeni alitafuta kingamwili. Aliweka chembe mbichi za kundi A na za kundi B pembeni ya gamba la doa, akaangalia zipi zitashikana. Chembe za A zikishikana, doa lina kingamwili dhidi ya A, kwa hiyo mwenye damu ni B au O, na chembe za B ndizo zitakazoamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Tabu ya njia hiyo ni kwamba kingamwili kwenye doa huchakaa mapema kuliko antijeni. Kipimo kinaponyamaza baada ya miezi, hujui kama mtu ni wa kundi AB, ambaye hana kingamwili hizo, au kingamwili zimekufa tu. Baadaye wataalamu wakahamia kwenye antijeni, ambazo ni sugu zaidi: nyuzi chache za kitambaa hulowekwa kwenye kingamwili zilizoandaliwa, kingamwili hushikamana na antijeni zilizokauka kwenye uzi, zilizobaki huoshwa mpaka maji yatoke bila kingamwili, kisha uzi hupashwa joto kiasi ili zile zilizoshikilia ziachie, na hizo zilizoachiwa hujaribiwa kwa chembe mbichi. Stuart Kind wa Uingereza aliifanya njia hiyo ikubalike kwa madoa ya jinai mwaka 1960. Uzi mmoja wa shati, mrefu kama kucha ya kidole kidogo, unaweza kutosha. Niliwahi kuifanya kwa mafunzo, na kilichonichosha si kemia bali kuosha. Uvivu wa kuosha mara moja zaidi hukupa jibu la uongo lenye sura nzuri kabisa.

Na hapa mfuko wa plastiki unarudi tena, maana baadhi ya bakteria wana kijenzi kinachofanana na antijeni B. Doa lililooza linaweza kujifanya la kundi B bila mwenye damu kuwa na B.

Sasa je, makundi yakifanana kesi imekwisha? Haijakwisha, na hata haijaanza vizuri. Hapa kwetu kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi, karibu nusu. Doa likiwa O na majeruhi akiwa O, umewabakiza majeruhi, kijana mwenyewe kama naye ni O, mwenyekiti, mgambo, na nusu ya waombolezaji wa ule msiba. Nguvu ya makundi iko upande wa kuondoa. Doa likiwa B kwa kipimo safi na majeruhi akiwa O, damu hiyo si ya majeruhi.

Hata hivyo mahakama zimewahi kukataa hata uondoaji ulio wazi. Miaka ya 1940 mwigizaji Charlie Chaplin alishtakiwa huko California kwamba ndiye baba wa mtoto. Yeye alikuwa kundi O, mama A, mtoto B. Herufi B haikuwa na mahali pa kutoka kati ya hao wawili, na madaktari walilisema hilo. Baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba ni baba, kwa kuwa sheria ya huko wakati ule haikukifanya kipimo cha damu kuwa cha mwisho. Waulize wanafunzi wako B ilitoka wapi, nina hakika watakujibu kabla ya kengele.

Cha kumtaja mtu mwenyewe ni vinasaba (DNA), njia iliyofunguliwa na Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1984, na kwetu ina sheria yake ya mwaka 2009. Kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Haiingiwi kama duka. Maombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa na sheria, kama mahakama na polisi. Lakini usidhani vinasaba vimemstaafisha sungura. Kipimo cha rangi na kikanda cha kingamwili bado hutangulia, ili mkemia ajue ni doa lipi kati ya kumi linalostahili kukatwa.

Kwa darasa, usilete damu. Nunua chupa ya peroksaidi kwenye duka la dawa, kata kiazi kibichi, dondosha tone moja, kisha fanya hivyo kwa kiazi kilichochemshwa. Kibichi kitatoa povu na kilichochemshwa kitatulia. Watakuwa wameona kwa macho yao jinsi mmea unavyoweza kujifanya damu, na jinsi moto unavyoumbua.

---

Mwalimu wa Tukuyu

Tumefanya Ijumaa, kwa viazi vya kutoka Isyonje, na imekuwa kama ulivyosema. Binti wa swali la mbuzi ndiye aliyekuwa akidondosha. Suala la Chaplin walilijibu kabla sijamaliza kuliandika ubaoni.

Kuhusu shati, askari wawili walikuja Alhamisi. Walilichukua likiwa bado kwenye mfuko, wakaandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji, na lilifunguliwa kituoni. Mwenyekiti alikuwepo, na anasema ukungu ulikuwa kwenye kola na chini ya kwapa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekauka kwa sababu ulikuwa umetokeza nje ya mfuko kwa muda wote huo. Doa la mkono limezungushiwa alama peke yake.

Kabla ya kuondoka askari mmoja alimwuliza nani na nani waliwahi kulishika. Mwenyekiti alitaja mgambo watatu, yeye mwenyewe, na mdogo wake aliyelibeba kutoka barabarani. Askari aliandika majina matano, akamwomba asaini. Mwenyekiti alishika kalamu, akasita, kisha akasema ongeza la sita, kwa maana mke wangu aliutoa mfuko juu ya kabati ya jikoni akidhani ni nguo za kufua.